Chaja ya kubeba au ya ukutani? Jibu kwa mama wa Kampemba

"Yambo papa fundi. Ndugu yangu ameniletea Nissan Leaf ya mwaka 2012 kutoka Japani, imepitia Dar es Salaam na Kasumbalesa hadi hapa Lubumbashi. Tunakaa Kampemba, nyumba ya kupanga. Yetu tunajenga njia ya Kasapa, Mungu akipenda tutahamia baada ya miaka miwili. Kila siku natoka, napitisha watoto shuleni, naenda kazini mjini, jioni narudi: kama kilomita 35 zote pamoja. Umeme kwetu unakuja saa nne usiku na kuondoka saa kumi na moja alfajiri, na kuna usiku hauji kabisa. Ndani ya buti nimekuta kebo yenye maandishi ya Kijapani. Muuzaji mmoja anataka anifungie chaja ya ukutani ya kilowati 7, anasema itajaza gari mara tatu haraka zaidi. Mume wangu anasema tununue ya kubeba tu. Nimsikilize nani?"

Mama, yambo sana. Msikilize mume wako. Kwa gari hilo, kwa kilomita hizo na kwa nyumba ya kupanga, chaja ya kubeba inatosha kabisa. Ila nakuomba msiende dukani kesho asubuhi. Kuna pesa inayotakiwa kutoka kabla ya hiyo ya chaja: pesa ya waya, ya dijonkteri (swichi inayojikata umeme ukizidi) na ya nondo ya ardhini. Ukichomeka chaja yoyote kati ya hizo mbili kwenye prizi (soketi) ya sebuleni inayobeba friji na televisheni, umeingiza hatari nyumbani, hata kama uliinunua kwa bei kali.

Hiki kitu tunachokiita chaja, kwa kweli si chaja. Chaja yenyewe imo ndani ya gari, ilifungwa kiwandani; ndiyo inayopokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe wa kuingia kwenye betri. Kile kisanduku cha nje, kiwe kimening'inia kwenye kebo au kimepigiliwa ukutani, ni mlinzi wa mlango. Kinapima kama waya wa ardhi upo, kinaangalia kama umeme unavuja, kisha kinaiambia gari, "chukua ampea kumi, usizidi." Lugha yake ni mapigo madogo ya umeme, elfu moja kila sekunde, na upana wa pigo ndio unaotaja idadi ya ampea. Gari ikisikia, inafungua. Ndiyo sababu ukishika kichwa cha kebo ambacho hakijaingia kwenye gari hakikurushi: mlango bado umefungwa.

Ukishaelewa hilo, maneno ya muuzaji wako yanakosa miguu. Leaf nyingi za miaka ile ya kwanza zina chaja ya ndani ya kilowati 3.3. Hicho ndicho kinywa chake. Uifungie kisanduku cha kilowati 7, uifungie cha 22, itameza ileile kidogo zaidi ya 3 na mengine yatabaki ukutani. Chaja ya kubeba inayofika ampea 16 inatoa karibu kilowati 3.5 kwa volti 220. Maana yake, kwa gari lako chaja ya kubeba iliyowekwa ampea 16 na ile kubwa ya ukutani zitamaliza kazi kwa muda uleule. Angekuwa na haki ya kusema "mara tatu" kama gari lako lingekuwa na chaja ya ndani ya kilowati 6.6 au 7, tena akilinganisha na kebo iliyofungwa ampea 10.

Sasa tuhesabu usiku wako, maana hesabu hii ndiyo ningependa kila mwenye gari la umeme katika mji huu aifanye kabla ya kufungua pochi. Leaf ya zamani, kwa barabara zetu na foleni za mjini, nakadiria inakula kama kilowati-saa 17 kwa kilomita mia. Kilomita 35 ni kama 6. Ongeza kinachopotea njiani kama joto, useme 7 kutoka ukutani. Tuseme volti zako usiku ni 210, na tumeweka ampea 10 tu: hiyo ni kilowati 2.1. Saba gawa kwa 2.1 ni saa tatu na dakika ishirini. Umeme wako unakaa saa saba. Kwa hiyo hata kwa mwendo wa kobe, gari linashiba kabla ya usiku wa manane kupita sana, na umebakiwa na zaidi ya saa tatu.

Usiku ambao umeme haukuja je? Saa saba kwa kilowati 2.1 ni karibu 15. Hiyo inalipa siku mbili. Umeme ukikosekana Jumanne, usiku wa Jumatano unalipa deni lote. Zikikosekana siku mbili mfululizo, hapo utategemea akiba ya betri yenyewe. Angalia upande wa kulia wa dashibodi: kuna vijistari vidogo vinavyoonyesha afya ya betri, gari likiwa jipya vilikuwa 12. Vikibaki 9, betri ya kilowati-saa 24 imebaki na uwezo wa kama 15 za kutumia, yaani kilomita themanini na kidogo. Ni siku mbili zako, na ya tatu utembee kwa wasiwasi. Kwa hiyo kanuni ya nyumba iwe moja: umeme ukiwepo, gari lichomekwe, hata kama limebaki nusu. Msingoje liishe kama mnavyongoja gunia la makala (makaa) liishe.

Kebo ya Kijapani iliyo ndani ya buti, iache ndani ya buti. Najua kijana fulani atakuja kukuambia, "mama, tukate hii fishi (plagi) tuweke ya kwetu, itafanya kazi." Geuza kisanduku usome kibandiko, namba hazina Kijapani. Kama kimeandikwa 100V peke yake, kinaweza kuungua mara tu ukikichomeka. Kama kimeandikwa 200V, bado kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Japani wanapata volti 200 kwa kutumia nyaya mbili zenye umeme, kila moja ikiwa volti 100 tu ukipima kutoka ardhini. Kwetu waya mmoja ndio wenye umeme, na kutoka ardhini ni volti 220 nzima. Vifaa vya ulinzi ndani ya kile kisanduku vilitengenezwa kwa dunia ile. Kuna wanaovitumia na vinawaka, sikatai. Lakini kitu kinachokaa kimewaka saa saba usiku huku watoto wamelala, mimi sikiruhusu kiwake kwa bahati.

Nunua iliyoandikwa 220–240V, yenye kichwa cha gari lako. Fungua kifuniko cha puani mwa gari: utaona matundu mawili. Kubwa ni la kujaza haraka kwa mashine za barabarani, lisahau kwa sasa. Dogo la mviringo, lenye pini tano, ndilo la nyumbani. Linaitwa Type 1. Magari ya Ulaya yana Type 2, yenye pini saba, na ya Kichina mengi yana GB/T, ambalo kwa macho linafanana na la Ulaya lakini haliingiliani nalo. Usikubali muuzaji akuambie "vyote ni sawa, kuna adapta." Adapta ni kiungo kingine cha kupata joto.

Chaguo likiwepo, chukua ile unayoweza kupunguza na kuongeza ampea kwa kitufe: 6, 8, 10, 13, 16. Hiyo kwa Lubumbashi si anasa. Usiku ambao kabine (transfoma) ya mtaa imechoka na taa zinafifia, unashusha hadi 6 au 8 na gari linaendelea kula taratibu badala ya kukatika kila mara. Nyingine zina kipimajoto ndani ya fishi yenyewe. Fishi ikipata moto zinapunguza au zinazima. Ukiipata yenye hicho, lipa hiyo nyongeza bila kubembeleza sana.

Nikueleze kwa nini nang'ang'ania fishi. Miaka michache iliyopita niliitwa kwenye nyumba moja, mchana, mwenye nyumba akisema chaja ya gari "imekufa." Haikuwa imekufa. Niliposhika fishi kuivuta, haikutoka. Ilikuwa imeshikana na prizi kama plastiki mbili zilizopikwa kwenye sufuria moja. Nilipozima kofre (sanduku kuu la swichi za umeme) na kuifungua prizi kwa bisibisi, upande mmoja wa prizi ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, kisha mweusi, na kile kibati cha ndani kinachobana pini kilikuwa kimelegea, kimepoteza nguvu kabisa. Ukuta nyuma yake ulikuwa na doa la moshi ukubwa wa kiganja. Kitanda cha mtoto kilikuwa upande wa pili wa ukuta huo. Chaja ilikuwa nzima, ya bei nzuri. Prizi ndiyo ilikuwa ya zamani, na kati yake na kofre kulikuwa na ralonji (waya wa kurefusha) iliyokunjwa chini ya zulia.

Sababu ni hesabu nyepesi. Mahali pini inapogusana na kibati, kukiwa na ukinzani mdogo tu wa ohmu 0.1, ampea 10 zinazaa wati 10 za joto pale pale. Ampea 16 zinazaa wati 25. Chuma kidogo cha kulehemea redio ni wati 25! Fikiri umekiwasha ndani ya prizi ya plastiki tangu saa nne usiku hadi alfajiri. Resho (jiko la umeme) la kupikia bukari linaweza kuvuta umeme mwingi vilevile, lakini linawaka nusu saa na mpishi amesimama hapo hapo. Gari linavuta bila kupumzika, na wote mmelala.

Hapa ndipo nataka niitendee haki chaja ya ukutani, maana nayo ina fadhila yake, ingawa wauzaji hawaitaji. Haina fishi. Waya unatoka kwenye kofre unaingia moja kwa moja ndani ya kisanduku na kufungwa kwa skrubu. Kile kiungo dhaifu kuliko vyote kimeondolewa. Hicho ndicho unachonunua. Kasi inakuja nyuma, kwa magari yanayoweza kuipokea. Tena zile nzuri zina kipimio kinachofungwa kwenye waya mkuu wa nyumba: mkiwasha resho na pasi kwa pamoja, chaja inajipunguza yenyewe ili dijonkteri kubwa isianguke. Kwa mtu mwenye nyumba yake, mwenye gari la kisasa, anayekwenda Likasi na kurudi siku moja (hizo ni zaidi ya kilomita 200), mimi ningemwambia afunge ya ukutani bila kusita. Mwenye gari la namna hiyo akipata saa saba za umeme, anahitaji kila kilowati itakayopita. Ila kwanza aangalie kontere (mita ya umeme) yake inaruhusu ampea ngapi. Ukiwa na dijonkteri kuu ya ampea 25, chaja ya ampea 32 ni ya kuiangalia tu.

Wewe uko kwenye nyumba ya mtu. Ya ukutani ukiifunga, siku ya kuhama utaacha matundu na ugomvi, au utaing'oa na kulipa fundi mara ya pili. Ya kubeba unaizungusha, unaiweka ndani ya buti, unahama nayo Kasapa. Ukienda kijijini au kwa ndugu Kipushi unaweza kuomba umeme kidogo. Ubaya wake ndio huohuo: inabebeka hata na mwizi. Mji wetu unajua thamani ya shaba. Usiiache nje imening'inia. Ipitishe kwenye kigereji chenye mlango, au ifungie kufuli kwenye chuma.

Basi, kazi ya fundi. Hii ndiyo sehemu ninayotaka uisome mara mbili, umsomee na yeye.

Atoe njia mpya kutoka kofre hadi mahali gari linapolala, njia ambayo haigawani na kitu kingine chochote, hata balbu moja. Chaja ya ampea 16 inatosheka na waya wa milimita mraba 2.5. Mimi nakushauri wa 4, au wa 6 kama mwenye nyumba atakubali mgawane gharama. Chukua mfano wa mita 25 kutoka kofre hadi kigereji: ukitumia waya wa 1.5, kama ule wa taa, kwa ampea 16 unapoteza volti 9 njiani na karibu wati 150 zinakuwa joto ndani ya ukuta. Kwa waya wa 6 unapoteza volti 2 na kidogo. Nyumba ambayo tayari inapokea volti 195 haina volti 9 za kutupa.

Waya wenyewe ukaguliwe kabla ya kulipwa. Toa kisu. Vua ganda, kisha kwaruza uzi mmoja kwa ncha. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Kama chini ya ule wekundu unaona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, inapitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba, inakatika ukiikunja mara chache, na ikifungwa kwa skrubu inalegea na kupata moto. Ishike pia mkononi: ni nyepesi mno kwa ukubwa wake. Inaniuma sana kuikuta Lubumbashi, mji ambao bomba la moshi la kiwanda cha shaba ndilo alama yake, mama anauziwa waya wa shaba usio na shaba. Rudisha bila kuona haya.

Mwisho wa njia hiyo usiweke prizi ya kawaida. Weka ile ya buluu ya viwandani, ya ampea 16, yenye kifuniko na pini tatu nene ambazo moja, ya ardhi, ni nene kuliko wenzake. Imetengenezwa kubeba ampea 16 siku nzima. Ile nyeupe ya sebuleni haikutengenezwa hivyo, hata kama namba 16 imeandikwa mgongoni. Chaja za kubeba zenye fishi ya buluu zipo, na nyingine zinakuja na fishi zaidi ya moja za kubadilisha. Dijonkteri ya njia hiyo iwe ya ampea 16, hata kama waya ni wa 6, kwa sababu inalinda prizi pia. Siku ya kuweka chaja ya ukutani, ndipo dijonkteri itabadilishwa, na waya utabaki uleule.

Juu yake, dijonkteri ya diferansiele, ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, aina A. Na chaja utakayonunua iwe na kinga ya ndani ya kuhisi mvujo wa umeme wa betri, iandikwe 6 mA DC. Hiyo ndiyo inayoiwezesha ile ya aina A kufanya kazi yake bila kupofushwa. Diferansiele hiyo ina kitufe kidogo chenye herufi T. Kila mwezi kibonyeze: lazima ianguke. Isipoanguka, gari lisichomekwe.

Sasa waya wa ardhi, ule mafundi wanauita tere. Nyumba nyingi za mitaa yetu hazina, au zina waya wa kijani na njano unaoingia ukutani na kuishia hewani. Chaja itakataa kuwaka na kuonyesha taa nyekundu. Hapo ndipo uwe macho, kwa sababu fundi wa haraka ana dawa ya dakika mbili: anaunganisha pini ya ardhi na netre (waya unaorudisha umeme nguzoni) ndani ya prizi. Taa inakuwa ya kijani. Kila mtu anafurahi, fundi analipwa. Mama, siku netre itakapokatika nguzoni, na unajua zinavyokatika kwenye upepo wa mvua za kwanza, umeme wa fazi, ule waya wenye umeme, utapita kwenye vifaa vya nyumba na kurudi kwenye pini ile, kutoka pale hadi bodi ya gari. Mtoto aliyesimama peku kwenye udongo wenye maji akishika mlango wa gari, amekamata volti 220. Fundi akikufanyia hivyo, mlipe nauli yake aende, uite mwingine.

Tere ya kweli ni nondo ya shaba, au ya chuma kilichopakwa shaba, mita 2 kwenda chini, iliyofungwa kwa klampu na waya usiokatwa hadi kofre. Udongo wetu mwekundu una tabia yake. Mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha kila siku, unapitisha umeme vizuri. Ikifika mwezi wa nane na wa tisa umekauka kama tofali. Nondo moja niliyoipima mwenyewe ilisoma ohmu 38 wakati wa mvua. Niliporudi mwisho wa kiangazi ilisoma 140. Nondo ileile, mahali palepale. Tuliongeza ya pili, zaidi kidogo ya mita 2 kutoka ya kwanza, tukaziunganisha, ikashuka chini ya 100. Wengine wanamwaga chumvi na makala shimoni. Chumvi inasombwa na mvua na inakula chuma. Kina na nondo ya pili ndivyo vinavyodumu.

Na usidhani nondo peke yake inatosha. Fazi ikigusa bodi ya gari na tere yako ni ohmu 100, umeme utakaopita ni ampea 2.2. Dijonkteri ya kawaida ya ampea 16 inaona hizo ni taa chache tu, haitikisiki, na bodi inabaki na umeme. Ile ya diferansiele inaangukia miliampea 30, yaani mara sabini chini ya hapo. Nondo inampa umeme njia ya kutokea, diferansiele inamwona akitoka na kufunga. Ukikosa moja, nyingine ni nusu ya ulinzi.

Jambo la volti na delestaji (mgawo wa umeme) nalipitia haraka. Usipitishe gari kwenye regilateri (kifaa cha kusawazisha volti) ya friji. Ile ya VA 1000 itaungua kwa kubeba wati 2,000. Chaja ya ndani ya gari inavumilia volti kupanda na kushuka kuliko friji yako. Kinachofaa ni kinga ndogo ya volti kwenye kofre, inayokata umeme ukipita 250 au ukishuka chini ya 180, kisha unaporudi inangoja dakika chache kabla ya kufungua. Zile dakika za kwanza baada ya umeme kurudi ndizo zinazoua vyombo. Na radi za mwezi wa kumi na moja zikianza kupiga, chomoa fishi. Hakuna kisanduku ninachokijua cha kushindana nazo. Jenereta ndogo nayo mara nyingi chaja huikataa, kwa sababu netre yake haijafungwa ardhini na mlinzi wa mlango anadhani tere haipo. Kuitumia kujaza gari ni kuchoma petroli kwa hasara. Iache kwa taa.

Usiku wa kwanza, usilale mapema. Weka ampea 10, ngoja nusu saa, kisha weka kiganja juu ya fishi, juu ya prizi, juu ya dijonkteri. Uvuguvugu kama wa kikombe cha chai kilichokaa ni sawa. Kama mkono unataka kujiondoa, zima na mwite fundi akaze skrubu. Rudia hivyo siku ya tatu, na kila mwanzo wa mwezi pamoja na kile kitufe cha T. Mwezi ukipita salama unaweza kujaribu 13, halafu 16, ingawa kwa kilomita zako sioni sababu ya kuacha 10. Kisanduku cha kebo kiwe kimeegemezwa kwenye msumari au rafu; kikining'inia kinaivuta fishi chini usiku kucha na vile vibati vinalegea.

Kwa mwenye nyumba, nenda na karatasi. Mwambie njia hii ya umeme, nondo na diferansiele vitabaki kwenye parsele (kiwanja) yake, vitalinda na wapangaji watakaokuja, na wewe utaondoka na kebo yako tu. Niliowashauri waseme hivyo, wengi walikatiwa kodi ya mwezi mmoja au miwili, na waya wa milimita 6 ukapita. Ila mkubaliane mapema ili nondo ipigwe na kupimwa ndani ya mwezi huu wa tisa, kabla ya mvua. Ikisoma chini ya ohmu 100 wakati udongo umekauka hivi, utajaza gari lako mwaka mzima.